MAJI HAYAJUI CHEO

Mtu akipita alfajiri katika mialo ya Ziwa Victoria, hasa siku za mwisho wa juma na siku za likizo, hatakosa kumwona askari mmoja au wawili katikati ya wavuvi. Hawakuvaa sare, lakini watu wa mwaloni huwatambua kwa mwendo wao na kwa nywele zao zilizokatwa. Mmoja amebeba kafi begani, mwingine ameshika mkebe wa chambo na mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Kila mmoja ataingia katika mtumbwi wake mdogo, atausukuma kutoka mchangani, na baada ya nusu saa hataonekana tena ila kama nukta nyeusi juu ya maji.

Hatuandiki tahariri hii ili kumlaumu askari huyo. Kutafuta kitoweo cha watoto kwa jasho lake si aibu, bali ni sifa, na heri yeye kuliko mwenzake anayeumaliza mshahara kilabuni kabla ya tarehe 10. Twaandika kwa sababu tunapomtazama akiondoka hatuoni ndani ya mtumbwi ule kitu chochote cha kumwokoa. Hakuna jaketi la kuokolea maisha. Hakuna filimbi, hakuna kamba, hakuna mkebe wa kukumbia maji zaidi ya ule wa chambo. Wala hakuna mtu pwani anayejua ameelekea upande gani na atarudi saa ngapi. Askari yule yule ambaye hawezi kutoka lango la kambi kwa doria ya saa mbili bila kuandikwa kitabuni, ameondoka peke yake kwenda kwenye maji yasiyoonekana ng'ambo, na jina lake halikuandikwa popote.

KOPLO NA TAA ZA PWANI

Miaka michache iliyopita, katika kikosi kimoja kilichokaa karibu na ziwa, ambako mwandishi wa maneno haya alikuwa akitumika, koplo mmoja alikwenda kuvua kwa namna hiyo. Alikuwa mzaliwa wa visiwani na mwogeleaji hodari, na aliyemwonya alijibiwa kwa kicheko: "Afande, mimi nilijua maji kabla sijajua kutembea." Akaondoka saa kumi na moja jioni, anga ikiwa safi, ili avue usiku.

Yapata saa nane za usiku upepo uligeuka. Wimbi la kwanza lilijaza mtumbwi nusu, la pili likaupindua. Kafi lilikwenda, taa ilizimika, samaki walirudi kwao. Koplo alipoibuka aliziona taa za pwani, naye alitueleza baadaye kwamba zilionekana karibu kabisa, kama umbali wa kutoka lango la kambi hadi uwanja wa gwaride. Moyo ulimwambia aogelee. Akaogelea kidogo, kisha akakumbuka neno la baba yake mvuvi, kwamba mtu asiache mti kwa ajili ya taa. Akageuka, akaufikia mtumbwi uliopinduka, akaukumbatia mpaka kulipokucha. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakirejea ndio waliomwokota, midomo ikitetemeka na vidole vikiwa havikunjuki.

Katika kisa hicho liko jambo moja ambalo kila kamanda na kila mkuu wa kituo yafaa alitafakari. Koplo alipokosekana katika mahesabu ya asubuhi, kikosi kizima kilikuwa tayari kumtafuta. Boti ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, watu walikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja dogo: alikwenda upande gani? Hakuna aliyejua, na ziwa halitafutwi kwa kubahatisha. Kama baba yake asingalimwachia neno lile, leo hii tungalikuwa twamkumbuka kwa picha tu.

Katika chuo cha makadeti tulikuwa na mkufunzi aliyetufundisha kuogelea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Maji hayajui cheo," kisha akamwamuru kadeti aingie majini na buti zake, ili apate maana ya maneno hayo mwenyewe. Wengi wetu tulidhani ni ukali wa chuoni. Siku ile tulipomwona koplo akiteremshwa kutoka mashua ya dagaa tulielewa kwamba yalikuwa mafundisho.

ZIWA SI BWAWA

Askari wengi waliohamishiwa kando ya ziwa wakitokea bara hudhani kwamba hatari iko baharini, na kwamba ziwa ni bwawa kubwa tu. Hilo ni kosa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni mali ya nchi tatu, Uganda, Tanzania na Kenya. Ukiziweka pamoja nchi za Rwanda na Burundi, bado ziwa litazizidi kwa ukubwa. Lakini kina chake hakilingani na upana wake. Mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana upesi. Mtumbwi mdogo haupati nafasi ya kuinuka kutoka wimbi moja kabla ya kuangukiwa na lingine.

Tena ziwa hili lina tabia yake ya usiku, ambayo kila askari wa maji hana budi kuijua kama ajuavyo silaha yake. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea pwani. Ndiyo maana mvua za radi za alasiri hunyesha zaidi nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote za pwani kwenda katikati ya ziwa. Pepo hizo zinapokutana huko, hewa yenye unyevu husukumwa juu, mawingu hujengeka, na dhoruba huzaliwa kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wengi wako kazini, maana dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Kwa hiyo mtu aliyeondoka jioni kwa sababu aliona anga safi hakuona kitu. Anga ya jioni ni ushahidi wa jioni tu. Na upepo ule mwanana wa usiku unaotoka pwani, ambao humrahisishia mvuvi safari ya kwenda, ndio huo huo utakaomzuia asirudi.

MWENYE KUVUA PEKE YAKE

Si sisi peke yetu tunaovua katika chombo cha mtu mmoja. Watu wa Greenland na wa nchi nyingine za barafu walitengeneza tangu kale chombo chembamba kiitwacho kayaki, chenye mbavu za mti au za mifupa, kilichovikwa ngozi za wanyama wa bahari. Mwindaji aliketi ndani yake peke yake, vazi lake likiwa limefungwa kwenye tundu la chombo ili maji yasiingie. Kwa kuwa maji ya kwao huua kwa baridi katika muda mfupi, walijifunza ufundi wa kukigeuza chombo kilichopinduka na kuibuka tena bila kutoka ndani yake. Ufundi huo haukuwa mchezo. Ulifundishwa vijana kwa bidii kama sisi tunavyowafundisha makruta kulenga shabaha.

Leo katika Marekani, Australia na Ulaya wako watu wengi wanaovua kwenye bahari kuu wakiwa katika kayaki za plastiki. Hofu zao ni zile zile za mvuvi wa Kigungu au wa Majanji: upepo wa kutoka pwani utakaowachukua mbali, meli kubwa isiyowaona, samaki mzito atakayekikokota chombo, na nanga iliyofungwa ubavuni itakayokivuta upande na kukipindua. Wenye busara miongoni mwao wamejiwekea desturi. Jaketi huvaliwa kabla mguu haujagusa maji. Kafi hufungwa kwa kamba chomboni. Mtu hujifunza kupanda tena chombo kilichopinduka akiwa karibu na pwani, mbele ya wenzake, kabla ya kwenda mbali. Na nyumbani huacha neno: natoka mahali fulani, naelekea mahali fulani, nisipoonekana saa fulani nitafuteni. Wengi wa hao huvua kwa starehe. Sisi tuvuao kwa haja tuna sababu gani ya kuwa na tahadhari pungufu?

Chombo chetu cha mtu mmoja ni ule mtumbwi mfupi wenye tako bapa, ambao watu wa mialo wameupachika jina la parachuti. Jina hilo lisimdanganye askari. Parachuti ya angani imetengenezwa ili imshushe mtu polepole na salama. Hii ya majini haina mahali pa kumshusha mtu ila chini. Haina mkuku wa kuishika katika mawimbi, ukingo wake hauinuki sana juu ya maji, na mtu mmoja akisimama ghafla kuvuta samaki hutosha kuipindua. Katika bwawa lililotulia yaweza kufaa. Katika ziwa wazi ni ubao wa kuazima.

TUMEKWISHA KUONYWA

Hatusemi mambo ya kufikirika. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe iliyojazwa watu kupita kiasi ilizama karibu na pwani ya Mukono, mahali ambapo nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, jirani zetu wa Tanzania walikuwa wamewalilia watu zaidi ya 200 waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Mwanzoni mwa Agosti 2023, mashua iliyotoka visiwa vya Kalangala kuelekea Kasenyi ilizama alfajiri ikiwa na abiria na mizigo, na watu 20 wakafariki dunia. Saa ya msiba huo, alfajiri, ni ile ile tuliyoitaja hapo juu.

Misiba hiyo iliandikwa magazetini kwa sababu waliokufa walikuwa wengi kwa mara moja. Mvuvi anayezama peke yake haandikwi. Mtumbwi wake huonekana siku ya pili ukielea, watu wa mwaloni hukusanyika, wiki hupita, na mke wake huanza kuuza alichonacho. Ndivyo ziwa linavyowachukua watu wake, mmoja mmoja, pasipo kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kuukumbusha ulimwengu juu ya kuzuia vifo hivyo.

Wako watakaosema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, yaani kama siku ya mtu imefika hakuna la kufanya. Twauheshimu msemo wa wazee, lakini twakataa kuutumia kama kisingizio cha uvivu. Askari aendaye vitani haachi kofia ya chuma kambini kwa kudai kwamba risasi yake imekwisha kuandikwa. Wengine husema, "Mimi najua kuogelea." Koplo wetu naye alijua. Kuogelea ni kwa kufika mahali panapofikika. Usiku, katika mawimbi, na nguo zilizolowa, mwogeleaji hodari huchoka kama mtu mwingine, tofauti ni kwamba yeye huchoka akiwa mbali zaidi na mtumbwi wake. Wengine husema maji yetu si ya baridi. Ni kweli si kama ya Greenland, lakini maji huondoa joto mwilini upesi zaidi kuliko hewa, na mtu aliyekaa humo usiku kucha hupotewa na nguvu za mikono, ambazo ndizo anazozihitaji ili kushikilia. Jaketi hushikilia kwa niaba yake hata vidole vikikataa.

JUMATATU NA JUMAPILI

Sasa twafika penye kidonda. Kanuni za uvuvi za nchi hii ziliweka urefu wa futi 28 kuwa kipimo cha chini cha mashua ya kuvulia katika Ziwa Victoria. Sababu yake ni mbili: kuwalinda samaki wachanga walio karibu na pwani, ambako mitumbwi mifupi huvua, na kuwalinda wavuvi wenyewe. Mwaka 2017 jeshi liliitwa kusaidia kusimamia sheria za uvuvi, na polisi nao wana wajibu wao majini. Basi mwananchi wa mwaloni afikiri nini amwonapo askari aliyekamata parachuti yake Jumatatu, akiwa Jumapili ndani ya parachuti kama ile ile, tena bila jaketi? Atafikiri kwamba sheria ile haikuwa ya kumlinda yeye wala samaki. Ilikuwa ya kumsumbua. Na akiisha kufikiri hivyo, hata lile onyo la kweli tutakalompa kuhusu dhoruba hatalisikia.

Twanena wazi, kwa kuwa gazeti hili ni la nchi na wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa nidhamu: askari anayetaka kuvua siku yake ya mapumziko na avue kwa chombo kinachoruhusiwa, akiwa na leseni kama mvuvi mwingine, au apande mashua ya wavuvi wenye leseni na wenye uzoefu. Akikosa chombo, avue akiwa nchi kavu. Sare haielei, na kitambulisho cha kazi hakimzuii mtu kuzama.

Vivyo hivyo kwa walio kazini. Ni mara nyingi mno tumeona boti ya doria ikipita, na majaketi yamo ndani yake, mapya kabisa, lakini yamekaliwa kama mito. Jaketi lililo chini ya makalio halijapata kumwokoa mtu. Askari wa doria ana buti, mkanda, risasi na bunduki. Akitumbukia, uzito huo wote humvuta chini kabla hajapata nafasi ya kuvaa chochote. Jaketi huvaliwa pwani, hufungwa kamba zake zote, na kiongozi wa boti hukagua mmoja baada ya mwingine kama anavyokagua silaha. Kiongozi asiyelivaa yeye mwenyewe asitazamie kutiiwa.

MTU KWANZA, NYAVU BAADAYE

Liko na jambo la pili katika doria, nalo ni zito zaidi. Kazi ya kusimamia uvuvi ilileta faida, lakini ilileta na malalamiko ya wananchi kuhusu ukali wa baadhi ya askari, na malalamiko hayo yalifika hata Bungeni. Kuhukumu si kazi ya ukurasa huu. Lakini kuhusu usalama wa majini tuna neno.

Boti yenye injini kubwa ikiukaribia mtumbwi mdogo kwa kasi, wimbi lake peke yake laweza kuupindua, hata kama hakuna aliyekusudia. Mvuvi mwenye hofu aweza kujirusha majini, au kukimbilia kwenye dhoruba ambayo asingeiendea kwa hiari. Askari ajiulize: ninachofuata ni nini? Nyavu haramu zaweza kukamatwa kesho. Mwalo una viongozi wake, mashua ina namba yake, mtu ana kwake. Lakini mtu aliyekwisha kuzama hakamatiki, hashitakiwi, wala hafundishiki. Hubaki familia yake na chuki yake. Kwa hiyo boti ipunguze mwendo mapema, ikaribie taratibu, sauti itangulie kabla ya injini. Hali ya ziwa ikiwa mbaya, ukamataji uahirishwe na uokoaji ushike nafasi yake. Mtu akikamatwa, avalishwe jaketi kabla boti haijaondoka, na asifungwe mikono akiwa juu ya maji. Kila boti ya doria ibebe majaketi ya ziada kwa ajili ya wale itakaowakuta, wawe wahalifu au wahitaji, maana ziwa haliulizi.

AMRI ZA MAJI

Sisi wanajeshi na polisi tumezoea mambo yanapowekwa kwa mpangilio. Basi tunayaweka haya ili yakatwe na kubandikwa katika ubao wa matangazo wa kila kambi na kituo kilicho karibu na maji.

Kwanza, mtu asiende ziwani peke yake. Vyombo viwili vikienda pamoja, kimoja ni mwokozi wa kingine.

Pili, aache neno. Aandike katika kitabu cha walinzi wa lango, au amwambie mkewe na jirani, mwalo atakaotokea, upande atakaoelekea na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, utafutaji uanze bila kungoja asubuhi.

Tatu, jaketi livaliwe tangu kuondoka hadi kurudi. Lifungwe filimbi shingoni, kwa kuwa sauti ya mtu aliyechoka haivuki mawimbi lakini filimbi huvuka.

Nne, mtumbwi uwe na mkebe wa kukumbia maji uliofungwa kwa kamba, kafi la akiba, kisu, na taa usiku. Simu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Taa ni ya kuonwa pia, si ya kuvutia samaki tu. Meli na boti za doria hazioni mtumbwi ulio gizani.

Tano, nanga ifungwe omo, kamwe isifungwe ubavuni. Mshipi usizungushwe mkononi wala kiunoni. Sangara mkubwa aweza kuwa na uzito kuliko mvuvi; akimzidi nguvu, kisu kikate mshipi, samaki aende na roho ibaki.

Sita, mtu asikilize utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka, na awasikilize wavuvi wazee. Akiona wazee wamefunga mashua zao, asijifanye shujaa. Akiona umeme upande wa ziwa, asingoje ngurumo, arudi.

Saba, waragi na ziwa havikai katika chombo kimoja. Anayekunywa ili apate joto hupoteza joto na akili kwa pamoja.

Nane, chombo kikipinduka, avue buti na koti zito, akishikilie, apande juu yake akiweza, na akae hapo. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji bado huelea, na mtafutaji huuona mtumbwi kabla ya kukiona kichwa cha mtu. Mtu asiache mti kwa ajili ya taa.

WAJIBU WA WAKUBWA

Amri hizo hazitaki fedha nyingi. Jaketi moja laonekana ghali siku ya kulinunua, lakini lipimwe na gharama ya kumfundisha askari mmoja tangu ukruta, achilia mbali thamani yake kwa mama yake. Wakuu wa vikosi na vituo vya kando ya ziwa wanaweza kuanza kwa mambo matatu wiki hii bila kungoja barua kutoka juu: kuweka kitabu cha waendao majini, kuwafundisha askari wote kuogelea na kushikilia chombo kilichopinduka, na kuwa na majaketi machache ya kuazimwa kwa askari aendaye kuvua, yakiandikwa na kurudishwa kama vifaa vingine vya ghalani.

Nao wake wa askari twawaomba jambo moja. Bwana akibeba kafi, muulize anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Asipende kuulizwa, muulize tena. Swali hilo si wivu, ni ulinzi, na huenda likawa ndilo litakalomrudisha.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau ziwa haachiwi hata mguu wa kuota. Koplo wetu bado anavua. Lakini sasa hutoka na mwenzake, katika mashua ndefu, jaketi likiwa limefungwa mpaka shingoni, na kabla ya kuondoka hupita langoni akaandikwa. Vijana wapya humcheka kwa kulivaa jua likiwa kali na maji yametulia. Yeye huwaonyesha ng'ambo isiyoonekana, akawaambia kwamba usiku ule hakuna wimbi hata moja lililompigia saluti.